Maswali ya Wasomaji: Mwaka Huu ni wa Ngapi, na kwa Hesabu ya Nani?

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: tarehe. Wameandika walimu, wachapishaji, na watu wanaohangaikia vyeti vya wazee wao. Wote wanaishi Dar es Salaam, jiji ambalo Ijumaa mchana misikiti ya Kariakoo inafurika, Jumamosi Wasabato wako ibadani, Jumapili ni zamu ya makanisa, na Diwali ikifika mitaa ya Kisutu inawaka taa. Tumechagua maswali manane. Mengine yanahitaji jibu refu, mengine yanamalizika kwa mistari michache.

Mimi ni mwalimu wa Historia, shule ya msingi, Temeke. Mzazi mmoja amelalamika kuwa KK na BK zinawalazimisha watoto wa Kiislamu kumtaja Kristo kila wanapoandika mwaka. Je, nibadilishe? Na nikibadilisha, niandike nini?

Mwalimu, usimpuuze mzazi huyo. KK ni Kabla ya Kristo, BK ni Baada ya Kristo, na mtoto ana haki ya kujua anaandika nini. Ila kabla ya kubadilisha, tazama maneno yenyewe. Kristo ni cheo kutoka Kigiriki, maana yake Mpakwa Mafuta, yaani Masihi, na Kurani nayo inamwita Nabii Isa Al-Masih. Penye ungamo zito la imani ni kwenye Kilatini, anno Domini, "katika mwaka wa Bwana". Kiswahili hakikuuchukua ubwana huo katika vifupisho vyake. Kwa hiyo BK ya kwetu ni nyepesi kwa Mwislamu kuliko ile ya Kilatini, ingawa kwa Mhindu au mtu asiye na dini bado ni hesabu ya wengine.

Hesabu hii ilitungwa mwaka 525 na mtawa Dionysius Exiguus aliyekuwa Roma. Kazi yake ilikuwa kuandaa majedwali ya Pasaka. Majedwali yaliyokuwapo yalihesabu miaka tangu kutawala kwa Kaisari Diocletian mwaka 284, naye hakutaka kuendelea kumuenzi mtawala aliyewatesa Wakristo. Akahesabu upya tangu kuzaliwa kwa Yesu, na inaelekea alikosea kwa miaka michache. Herode, ambaye Injili ya Mathayo inasema alikuwa hai Yesu alipozaliwa, kwa maoni ya wanahistoria wengi alifariki mwaka 4 KK.

Je, yapo maneno yasiyo na dini? Yapo, na si ya jana. Johannes Kepler, mwanaastronomia wa Kijerumani na Mkristo wa kweli, aliandika kwa Kilatini mwaka 1615 juu ya "zama zetu za kawaida". Baadaye wanazuoni wa Kiyahudi wakaupenda msemo huo, kwa kuwa uliwawezesha kutumia tarehe za majirani bila kukiri imani ya majirani. Kwa Kiswahili unaweza kuandika "kabla ya zama zetu", lakini vifupisho vyake havijazoeleka kwa wote, kwa hiyo andika kwa kirefu. Waislamu wengi wa pwani husema "Miladia", neno lililo maarufu na zuri. Ila milad ni kuzaliwa, na anayezaliwa hapo ni Nabii Isa yuleyule. Ukibadilisha herufi, mahali pa kuanzia hesabu panabaki palepale. Hilo mweleze mzazi wazi, bila kumficha.

Ushauri wetu ni huu. Katika mtihani na daftari, mtoto afuate kitabu cha kiada ili asipoteze alama. Katika mazungumzo ya darasani, ruhusu "kabla ya kuzaliwa Nabii Isa" sambamba na "Kabla ya Kristo", kwa sababu vinataja tukio lilelile. Usimruhusu kuchanganya mifumo miwili katika insha moja. Na miaka ya karibuni usiibandike BK kabisa. Uhuru ulikuwa 1961, basi, haihitaji mkia.

Ukishafika hapo, tumia muda wako kwenye makosa yanayowaangusha watoto kweli. La kwanza linatokana na neno "baada". Wanadhani BK inaanza Yesu alipoondoka duniani, hivyo kuna miaka 33 isiyo na mwenyewe katikati. Haipo. La pili ni mwaka sifuri, ambao pia haupo: baada ya 1 KK unakuja 1 BK. Kwa hiyo ukitafuta muda unaovuka mpaka huo, jumlisha miaka miwili kisha toa 1. Julius Caesar aliuawa Machi 44 KK, Kaisari Augusto akafa Agosti 14 BK. 44 + 14 − 1 = 57. Mtoto asiyetoa moja ataandika 58 na hataelewa kwa nini amekosa. La tatu ni karne: kwa kuwa hakuna sifuri, karne ya 21 ilianza Januari 1, 2001, na mwaka 44 KK uko katika karne ya kwanza KK, si katika "karne ya sifuri".

Bibi yetu wa Magomeni hana cheti cha kuzaliwa. Ndani ya jalada la msahafu wa babu yake pameandikwa: "amezaliwa usiku wa Ijumaa, Mfungo Tatu, 1357". Tutaigeuzaje iwe tarehe ya Kizungu? Ndugu wanabishana kati ya 1937, 1938 na 1939.

Maandishi ya ndani ya msahafu ni hazina. Yapigeni picha leo kabla hamjafanya jingine, ukurasa mzima, si mstari ule peke yake.

Mwaka wa Hijria una siku 354, au 355 ukiwa mrefu, kwa hiyo ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku 10 hadi 12. Ndiyo maana kujumlisha 622 peke yake, au kujumlisha 579 kwa kukariri hesabu iliyofaa miaka ya karibuni, kunapotosha. Fanyeni hivi: chukueni mwaka wa Hijria, zidisheni kwa 0.970224, kisha ongezeni 621.577. 1357 × 0.970224 ni 1316.59. Ukiongeza 621.577 unapata 1938.17. Namba nzima ndiyo mwaka wa Kizungu ambamo mwaka ule wa Hijria ulianza, na desimali inaonyesha ulianza umbali gani ndani yake: 0.17 ya miezi 12 ni miwili, yaani mapema Machi. Kweli, Muharram mosi 1357 iliangukia karibu Machi 3, 1938, na mwaka ukaisha karibu Februari 20, 1939. Basi 1937 imeondoka.

Sasa Mfungo Tatu, na hapa ndipo familia nyingi zinapotea. Sisi wa pwani tunahesabu mifungo tangu mwezi unaofuata Ramadhani: Mfungo Mosi ni Shawwal, Mfungo Pili ni Dhulkaada, Mfungo Tatu ni Dhulhija, Mfungo Nne ni Muharram, hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Lakini namba ya mwaka wa Hijria hubadilika Muharram, yaani Mfungo Nne. Kwa hiyo ndani ya mwaka 1357, Mfungo Nne ulitangulia na Mfungo Tatu ulikuwa mwezi wa mwisho kabisa. Mtu akidhani Mfungo Tatu ni mwezi wa tatu wa mwaka atampa bibi Mei 1938. Sivyo. Dhulhija 1357 ilianza karibu Januari 22, 1939. Bibi ni wa mwishoni mwa Januari au kabla ya tarehe 20 hivi Februari, 1939.

Siku ya juma nayo isiachwe. Kwa desturi ya zamani siku huanza jua linapozama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa lugha ya ofisi, huo ni Alhamisi usiku. Familia ikikumbuka pia kuwa alizaliwa karibu na Idd ya kuchinja, ambayo ni tarehe 10 ya mwezi huohuo, tafuteni Alhamisi iliyo jirani na mwisho wa Januari. Jedwali linaweza kupishana na mwandamo ulioonekana hapa kwa siku moja, mara chache mbili, na siku ya juma ndiyo inayosahihisha tofauti hiyo.

Mkienda RITA, ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, msipeleke tarehe mliyoigeuza peke yake. Pelekeni nakala ya maandishi ya awali, maelezo mafupi ya namna mlivyogeuza, na mashahidi mtakaoelekezwa kuwa nao. Tarehe mtakayoiandika hapo ndiyo iwe hiyohiyo NIDA, kwenye kitambulisho cha taifa, na kila mahali. Tarehe mbili tofauti za mtu mmoja zina usumbufu kuliko tarehe moja yenye shaka ya siku mbili.

Na umri? Miaka 33 ya Hijria ni karibu miaka 32 ya Kizungu. Mzee anayesema ametimiza 99 kwa mwezi mwandamo ana kama 96 kwa kalenda ya ukutani. Hajaongopa.

Ninachapisha kalenda za ukutani Kariakoo. Kila mwaka wateja wananirudia: Idd imepita siku niliyoiandika. Nifanyeje?

Kosa linaanzia kwenye duara jeusi. Programu nyingi zinaonyesha "mwezi mpya" kwa duara hilo, na mchapishaji anahesabu tarehe mosi kuanzia hapo. Lile duara ni saa ambayo mwezi umepita kati ya dunia na jua, na wakati huo hauonekani. Hilali, ule uzi mwembamba unaotafutwa magharibi baada ya jua kuzama, kwa kawaida inahitaji zaidi ya saa 15 hivi tangu hapo ndipo jicho liione, na mawingu ya pwani yanaweza kuizuia hata hapo. Mzunguko mzima ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Kwa hiyo mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na hakuna kiwanda cha uchapaji kinachoweza kuliamua hilo mwaka mmoja kabla.

Kosa la pili ni kunakili kalenda ya Saudi Arabia. Ile inatumia vipimo vya Makka. Hapa nchini tangazo linalofuatwa na serikali hutoka kwa Mufti, na wapo Waislamu wanaofuata mwandamo wa popote duniani, hivyo wanaweza kutangulia kwa siku moja. Mabohora wanafuata kalenda ya hesabu isiyosubiri kuonekana kwa mwezi, na mara nyingi wanatangulia kwa siku moja au mbili. Ukiwa na mteja wa Kibohora, muombe jedwali lao wenyewe.

Anza na zisizotikisika: Mapinduzi Januari 12, Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Siku ya Nyerere Oktoba 14, Uhuru Desemba 9, Krismasi na kesho yake. Pasaka inahamahama lakini haibahatishwi, ina kanuni: Aprili 5 mwaka 2026, Machi 28 mwaka 2027. Kisha njoo kwenye Idd mbili na Maulid. Usipake nyekundu siku moja, wala usipake nyekundu siku mbili, maana mwenye duka atadhani zote ni mapumziko. Tumia rangi hafifu au nyota kwenye siku mbili zinazowezekana, na chini yake uandike "kutegemea kuandama kwa mwezi". Idd el-Fitr ya 2027, kwa mfano, itie alama Machi 9 na 10. Maandishi hayo yawe na ukubwa unaosomeka toka ukutani. Tumeona yakibanwa pembeni kwa herufi za chungu, hayasaidii mtu.

Jambo moja zaidi kwa anayetumia kiolezo kilekile kila mwaka. Kiolezo chenye nafasi ya Ramadhani moja kitakwama 2030, kwa kuwa kwa mahesabu mwaka huo utakuwa na mbili zinazoanza: moja mwanzoni mwa Januari, nyingine siku za mwisho za Desemba. Na 2033 utakuwa na Idd el-Fitr mbili, kama ulivyokuwa 2000, Januari na Desemba.

Kwa nini Jumatano na Alhamisi zote maana yake ni "ya tano"? (Msomaji, Mbagala)

Kwa sababu juma letu limeshonwa kwa vitambaa viwili. Kiswahili kinahesabu tangu siku inayofuata Ijumaa: Jumamosi, Jumapili, mpaka Jumatano, ya tano. Waarabu wanahesabu tangu Jumapili, na ya tano yao, al-khamis, ndiyo Alhamisi yetu. Zikakaa jirani bila ugomvi. Na angalia: kwa hesabu hiyo Jumapili, siku ya ibada ya Wakristo walio wengi, ni siku ya pili tu, na hatujawahi kusikia padri akidai ibadilishwe jina.

Kazini Posta nina mwenzangu Mwethiopia anayesema kwao ni 2018, na jirani wa Upanga mwenye asili ya Gujarati ana kalenda ya 2082. Nani yuko sahihi?

Wote. Kalenda ya Ethiopia ina miezi 12 ya siku 30 na mwezi wa 13 wenye siku 5, au 6 katika mwaka mrefu. Mwaka wao 2018 ulianza Septemba 11, 2025. Toka Septemba hiyo hadi Desemba wanakuwa nyuma yetu kwa miaka 7, na kuanzia Januari kwa miaka 8. Lililo la kujifunza hapa ni kwamba nao wanahesabu tangu kutwaa mwili kwa Kristo. Walifuata hesabu ya Annianus, mtawa wa Aleksandria, na haikukubaliana na ya Dionysius. Wakristo wenyewe, wakihesabu tukio lilelile, wamepishana miaka minane. Ukipanga naye mkutano, muulize na saa, kwa kuwa Waethiopia husoma saa kama sisi: saa moja asubuhi ni kama saa nzima baada ya jua kuchomoza.

Kalenda ya jirani yako ni Vikram Samvat. Kwa Wagujarati mwaka unaanza siku iliyo baada ya Diwali. Tangu hapo hadi Desemba jumlisha 57 kwenye mwaka wa kalenda ya kawaida, na kuanzia Januari hadi Diwali inayofuata jumlisha 56. Vitabu vya hesabu vya maduka ya zamani vilifunguliwa upya siku hiyo, kwa hiyo ukikuta daftari la biashara lenye mwaka unaokaribia 2000 na karatasi imezeeka, usidhani ni kosa la mwandishi.

Je, haiwezekani dunia ikatunga kalenda isiyo na dini yoyote, tukapumzika? (Msomaji, Sinza)

Imejaribiwa na watu wenye nguvu za dola. Ufaransa baada ya mapinduzi yake ilihesabu mwaka wa kwanza tangu Septemba 22, 1792, ikaondoa juma la siku saba na kuweka mafungu ya siku kumi. Mfanyakazi aliyekuwa akipumzika kila baada ya siku sita sasa alingoja tisa. Ilifutwa Januari 1, 1806. Urusi ya Kisovieti ilianza juma la siku tano mwaka 1929, kila kundi la wafanyakazi likiwa na siku yake ya mapumziko, kisha la siku sita mwaka 1931. Mume akapumzika siku moja, mke nyingine. Mwaka 1940 walirudi kwenye siku saba. Zote mbili zilianguka kwa sababu moja: siku ya kupumzika pamoja ni mali ya familia na jumuiya kabla haijawa mali ya dini, na ukiivuruga unavuruga nyumba.

Na hii tunayoiita "ya Kizungu" si ya Kizungu peke yake. Mwaka wa siku 365 wenye siku ya ziada kila mwaka wa nne ulitoka Misri. Julius Caesar alishauriwa na Sosigenes wa Aleksandria. Papa Gregori wa 13 aliurekebisha mwaka 1582, Alhamisi Oktoba 4 ikafuatwa na Ijumaa Oktoba 15. Waprotestanti waliikataa kwa muda mrefu kwa sababu imetoka kwa Papa: Uingereza ilingoja hadi 1752. Leo mchungaji wa Kilutheri wa Azania Front haoni ndani yake chochote cha Papa. Matumizi ya muda mrefu yanaifanya kalenda kuwa ya wote kuliko tamko lolote.

Pwani tulikuwa nayo yetu ya jua pia: mwaka wa Nairuzi wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao mabaharia na wakulima waliutumia kwa kuwa pepo na mvua hazifuati mwezi mwandamo. Makunduchi, Unguja, bado wanauadhimisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Waliokuwa wakiutumia walikuwa Waislamu, wakifunga kwa kalenda moja na kusafiri kwa nyingine. Hatuoni mfano bora zaidi ya huo wa watu waliojua kila hesabu ina kazi yake.

Ninaingiza kumbukumbu za mabaki ya kale kwenye lahajedwali. Nina "miaka 1200 kabla ya sasa", nina Hijria, nina KK. Niviweke vipi pamoja?

Tengeneza safu nne: tarehe kama ilivyoandikwa kwenye chanzo, jina la kalenda, mwaka wa mapema kabisa unaowezekana, na mwaka wa mwisho kabisa. Safu ya kwanza isiguswe milele.

"Kabla ya sasa" katika vipimo vya radiokaboni, yaani vya kukadiria umri wa mabaki kwa kaboni iliyomo, si leo. "Sasa" imefungwa Januari 1, 1950. Basi 1200 kabla ya sasa ni 1950 − 1200, yaani mwaka 750. Lakini uliza kwanza kama namba imeshasawazishwa, kwa sababu miaka ghafi ya maabara si miaka ya kalenda. Isiposawazishwa, usiigeuze. Watafiti wanaipenda njia hii kwa kuwa haimtaji nabii wa mtu yeyote, na hilo ni kweli. Ila haifai kwa matukio yenye tarehe kamili, na kwa vitu vya kale mno haileti tofauti: fuvu la Olduvai lililogunduliwa 1959 lina miaka kama milioni 1.75, lilipimwa kwa njia nyingine kabisa, na radiokaboni haivuki miaka 50,000 hivi.

Kwa KK tumia namba za wanaastronomia, zenye sifuri na hasi: 1 KK ni 0, 2 KK ni −1, 44 KK ni −43. Ukiandika −44 hesabu zako zote zitapishana kwa mwaka mmoja. Kwa Hijria weka miaka yote miwili. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ni ya mwaka 500 Hijria, ulioanza Septemba 1106 na kuisha Agosti 1107. Ungekuwa na mwaka tu, ungeandika 1106 na 1107. Kwa kuwa mwezi umetajwa, Dhulkaada, wa 11, unabaki na 1107.

Tarehe za Wareno za kabla ya Oktoba 1582, kama kushambuliwa kwa Kilwa Julai 24, 1505, ni za kalenda ya zamani ya Julius. Ziache hivyo na uandike "Julius" kwenye safu ya pili. Na usizipange seli ziwe za aina ya "tarehe". Excel haijui tarehe iliyo kabla ya 1900, na tena inaamini kulikuwa na Februari 29 mwaka 1900, siku ambayo haikuwapo. Ziweke kama maandishi.

Tunaandaa kadi za sherehe, wageni ni wa dini zote na wengine wanatoka nje. Tarehe tuiandikeje? (Kamati, Kijitonyama)

Msiandike 03/04/2026. Hapa ni Aprili 3, kwa mgeni wa Marekani ni Machi 4. Andikeni jina la mwezi kwa herufi, pamoja na siku ya juma. Msiandike "usiku wa Jumamosi" peke yake, maana mzee wa pwani anaweza kuja Ijumaa. Saa nazo: "saa 2:00 usiku" inatosha kwa Mswahili, lakini mgeni atakayeitafsiri neno kwa neno atafika saa nane, hivyo ongezeni 20:00 pembeni. Hijria wekeni kama familia ya bwana au bibi harusi inaitaka, kwenye mstari wake, bila kuibana.

Kabla ya kuthibitisha ukumbi, kagueni mambo matatu: Ramadhani (futari Dar es Salaam iko kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kulingana na msimu, msipange chakula cha mchana), Kwaresima kwa wageni Wakatoliki, na Pasaka ya Waorthodoksi, ambayo mara nyingi haiwi siku moja na ile nyingine. Mwaka 2026 ni Aprili 12, wiki moja baadaye, na 2027 ni Mei 2.

Mstari wenyewe uwe hivi: "Jumamosi, 18 Aprili 2026, saa 12:30 jioni (18:30)". Mpeni mtu mmoja wa familia ya kila upande ausome kabla kadi hazijaenda mashineni.